Jembe la Siku ya Tatu

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa ndagala hapa Uvira, na ndani ya mtumbwi wake walikuwamo watu wa lugha mbalimbali. Yeye alikuwa Mvira. Wapiga kasia wawili walikuwa Wabembe wa Mboko, mshika usukani alikuwa Mzoba, na kijana wa kushika taa alikuwa Mrundi wa bonde la Ruzizi. Usiku usio na mwezi walitoka Kalundu, wakawasha taa katikati ya maji, wakasubiri ndagala wapande kwenye mwanga ndipo wachote kwa wavu wa lusenga. Babu alikuwa na sheria moja tu: mguu ukishaacha nchi kavu, kila amri itolewe kwa Kiswahili. Vuta. Legeza. Inama. Geuza. Hakuichukia lugha ya mtu, na yeye mwenyewe akiwa ufukweni anashona nyavu aliimba Kivira mchana kutwa. Lakini alikuwa akisema kwamba wimbi halingoji mkalimani.

Mwaka mmoja yule kijana wa taa alizama. Walimpata siku ya pili, wakamlaza mchangani. Wanawake wa kwetu walikuwa wameshaanza kulia, tena kwa uchungu wa kweli, lakini babu akawaomba wangoje. Alikataa maiti iondolewe pale mpaka apatikane mtu wa kuilia kwa Kirundi. Akatafutwa mama mmoja mchuuzi wa Kavimvira, asiyemjua marehemu wala ukoo wake. Akaja na mzigo wake kichwani, akautua, akapiga magoti mchangani, akamwita kijana yule kwa Kirundi kama mama amwitavyo mwanawe aliyechelewa kurudi nyumbani. Hapo ndipo babu aliporuhusu wambebe.

Nilikuwa mdogo, lakini nililiona. Mzee yuleyule aliyezizuia lugha za watu mtumbwini ndiye aliyehangaika kuzitafuta ufukweni. Kwake kulikuwa na lugha ya kufanyia kazi pamoja na lugha ya kulilia, na hakuna hata moja aliyoidharau.

Haya yamenirudia tangu yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aniulize swali. Yeye alikimbia Uvira wakati wa vita vya 1998, akavuka ziwa hadi Kigoma, akapelekwa Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Aliingia kambini akiwa binti, akatoka baada ya miaka mingi akiwa mama wa watoto wanne wenye karatasi za kwenda Marekani. Wakapangiwa nyumba Utah, karibu na Salt Lake City. Huko, kwa kualikwa na jirani, akaingia katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi wetu tunaliita la Wamormoni.

Ni kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, na waliolifuata walifukuzwa huku na huku mpaka walipofika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Wakimbizi, kwa maneno mengine. Kwetu Kongo liliingia kupitia Kinshasa mwaka 1986, na hekalu lake la kwanza nchini likawekwa wakfu hukohuko mwezi wa Aprili 2019. Mimi si mwumini wake, na sina haja ya kubishana na mafundisho yake hapa. Kilichonigusa ni jinsi linavyowapanga watu wake.

Katika kanisa hilo mtu hachagui mahali pa kusali. Wanachora mipaka kama ya kartie zetu, yaani mitaa: nyumba yako ikiwa upande huu wa barabara, kata yako ni hii, na utakaa benchi moja na daktari na dereva, umpendaye na usiyempenda. Mahali penye watu wachache panaitwa tawi. Kata na matawi kadhaa hufanya kigingi, neno walilolichukua kwa nabii Isaya, kwenye picha ya hema linalopanuliwa na kukazwa kwa vigingi. Ni mpango wenye hekima. Mtu akiachiwa achague, atawachagua wanaofanana naye. Lakini ndani ya mpango huo wameacha nafasi ya pembeni: penye watu wengi wasioielewa lugha ya wenyeji, linaweza kufunguliwa tawi la lugha yao. Kwa hiyo Utah kuna makusanyiko ya Kihispania, ya Kitonga, na siku hizi ya Kiswahili, waliomo wengi wao wakiwa Wakongo waliopitia kambini.

Yaya alipoambiwa kwamba anaweza kuhamia tawi la Kiswahili, alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza asubuhi nikiwa kwenye foleni ya maji. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani. “Mdogo wangu,” alisema, “nisaidie kufikiri. Hapa tumeheshimiwa au tumetengwa?”

Sikumjibu siku ile, wala wiki ile.

Kwanza nilimwuliza alivyoishi katika kata ya Kiingereza. Hakuna aliyemkosea, aliniambia. Walimpokea kwa makoti ya baridi. Walimletea chakula. Kila Jumapili kulikuwa na gari mlangoni la kumpeleka kanisani yeye na watoto. Walimshika mkono, walitabasamu, walimwombea. Kisha akanyamaza kidogo, akasema jambo ambalo sijalisahau: “Walinipenda. Ila kwa miaka miwili hakuna aliyeniomba kitu.”

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kwa ubahili, kama njia ya kumwambia mtu arudi kwao. Mimi nimekuja kuielewa kinyume. Kumfukuza mtu hakuhitaji jembe. Unamfungulia mlango tu. Jembe hupewa anayebaki. Siku mbili anakula kwako, anakushukuru, anasema ndiyo kwa kila jambo, kwa sababu mdomo unaolishwa hauna neno la kupinga. Siku ya tatu ukimpa jembe umempa na tuta lake. Na mwenye tuta shambani ana haki ya kulalamikia mvua, ana haki ya kusema hapa mmepanda vibaya. Kumwacha mtu mgeni kwa miaka miwili, hata kwa kumpakulia chakula kizuri kila siku, ni kumnyima kauli.

Na katika kanisa lile jembe ni jambo kubwa kuliko kwetu, maana hawana mchungaji wa kulipwa katika kata wala tawi. Askofu ni fundi au mhasibu anayerudi kazini kwake Jumatatu. Kila shughuli imebebwa na waumini: huyu anafundisha watoto, yule anagawa mkate, mwingine anatembelea wagonjwa. Mtu asiye na wito, kama wanavyouita, yumo kanisani lakini hana mzigo mkononi. Yaya alikuwa na nini cha kubeba kwa Kiingereza? Huyu ni mwanamke aliyeshika likelemba, ule mchango wa kupeana fedha kwa zamu, ya wauza ndagala tangu ana miaka 20. Alijua nani anadaiwa, nani amefiwa, nani aongezwe wiki moja na nani asiongezwe. Aliwapatanisha wanawake waliokwisha kukamatana vikwembe. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyeyaona, kwa sababu Kiingereza chake kilifika kwenye “asante” na “habari” kikaishia hapo.

Alipohamia tawi la Kiswahili hakumaliza mwezi kabla ya kuitwa. Wakampa darasa katika Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama. Aliniambia usiku wa kwanza hakulala, alikuwa anaandaa somo kwenye daftari la mtoto wake, na Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili kikiwa wazi mbele yake, kile kilichotolewa mwaka 2000. Asubuhi alisimama mbele ya wanawake thelathini, akasahau alichoandika, akaanza kuwasimulia habari za likelemba. Darasa likachelewa kutoka. Wanawake walikuwa wanalia na kucheka.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu ilikuwa rahisi. Mahali ulipopewa jembe hujatengwa.

Kisa hiki ni cha zamani kuliko sisi. Katika Matendo ya Mitume, kanisa likiwa bado changa Yerusalemu, wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku, huku wajane wa Kiebrania wakipata. Pakawa na manung'uniko. Mitume wangeweza kuwaambia waliosema Kiyunani wavumilie, au wajifunze lugha kwanza. Walifanya nini? Waliomba wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgao. Yasome majina ya wale saba uone: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Waliolalamika ndio waliokabidhiwa upawa. Nimewasikia wahubiri wengi hapa Uvira wakimhubiri Stefano kwa ajili ya mawe aliyopigwa, na ni haki yake. Natamani siku moja nisikie mahubiri ya upawa.

Wamormoni wenyewe walilijifunza jambo hili kwa njia ngumu. Tangu Brigham Young alipolitangaza mwaka 1852, mtu mweusi hakuweza kupewa ukuhani katika kanisa lao. Alibatizwa, alisali, alitoa zaka, lakini jembe hakupewa. Mwaka 1971, zuio likiwa bado lipo, waumini weusi wa Salt Lake City walifunguliwa kikundi chao kilichoitwa Genesis, kikiongozwa na Ruffin Bridgeforth. Hawakuondolewa katika kata zao. Jumapili waliendelea kusali huko na majirani, na kwa Genesis walikuwa na siku yao ya kukutana, mahali ambapo mtu aliweza kusimama na kusema lililo moyoni bila kutazamwa. Zuio likaondolewa mwezi wa Juni 1978. Leo miongoni mwa viongozi wao wakuu wamo Wakongo: Thierry Mutombo aliitwa mwaka 2020, Alfred Kyungu mwaka 2021. Kati ya benchi la nyuma na kiti cha mbele ulipita muda wa vizazi, na kikundi kile kidogo kilikuwa ni mahali pa kuvutia pumzi njiani.

Juu ya lugha, viongozi wa kanisa hilo wamekwenda huku na huku kwa zaidi ya miaka 100. Wanafungua makusanyiko ya lugha, wanayavunja ili watu wachanganyike, wanaona watu wametawanyika badala ya kuchanganyika, wanayafungua tena. Mwanahistoria Jessie Embry amekusanya masimulizi mengi ya waumini Weusi, wa Kihispania na wa asili ya Asia, na ndani yake wapo waliosema kusanyiko la lugha yao liliwaokoa, na wapo waliosema liliwafunga. Wote walisema kweli. Kila mmoja alisema habari za nyumba aliyoishi.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wageni wetu wa zamani. Mwaka 1858 wapelelezi Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakitafuta mto utokao kwenye ziwa, wakitumaini kwamba ndio utakaowapeleka kwenye chanzo cha Naili. Vijana wa mtawala wa hapa wakawaambia: Ruzizi hautoki, unaingia. Habari ile iliwachoma. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley wakaja kuthibitisha kwa macho yao, mwezi wa Novemba 1871, wakakuta mto unaingia ziwani, kama kila mtoto wa Kavimvira alivyojua. Anayeamua kama tawi la wakimbizi lifunguliwe au livunjwe amwulize kwanza anayeishi mdomoni mwa mto.

Lakini jembe likitolewa ubapa wake, mpini unabaki rungu. Nami ni mtu wa Uvira. Siwezi kusifu makusanyiko ya lugha nikanyamazia lililo mbele ya nyumba yangu.

Jumapili yetu unaijua ukiitembea kwa miguu, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, mlima kulia na ziwa kushoto. Kila hatua mia moja kuna kipaza sauti. Mahubiri ni Kiswahili, matangazo yanachanganywa na Kifaransa, na kwaya ikichemka utasikia Kifuliiru, Kibembe, Kivira, Kirundi. Wakatoliki wana jimbo lao tangu 1962. Wapentekoste wa Uswidi walianza kazi huku mwaka 1921, na makanisa waliyoyazaa yameenea mpaka milimani. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ukabeba nyumba na watu, tulilala kwenye mabenchi ya makanisa, na nakumbuka hakuna aliyeulizwa kabila kabla ya kupewa mkeka. Tunaweza. Hilo nataka lisomeke.

Ila tumewahi pia kufanya lingine. Kitabu cha Waamuzi kinasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyokalia vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye aseme Shibolethi. Asiyeweza kulitamka akachinjwa, na Biblia inataja watu 42,000. Mimi nimesimama kwenye kizuizi katika barabara ya bonde hili. Mwenye bunduki alimwambia mama aliyekuwa mbele yangu ataje jina la kilichokuwa kikapuni mwake. Ilikuwa ni mihogo, kila mtu aliiona. Akaitaja, na yule mtu akamtazama mdomo, si kikapu. Akapita. Kijana aliyemfuata hakupita, na hadi leo sijajua alikopelekwa.

Kati ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 mamia ya watu waliuawa Makobola, kusini mwa mji huu. Tarehe 13 Agosti 2004 zaidi ya watu 150, wengi wao Banyamulenge, Watutsi wa milima yetu, waliokimbia kutoka huku kwetu, waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, si mbali na Kavimvira. Waliobaki wa huku na wa kule wengine wako Marekani sasa. Mmoja wao akiniambia kwamba anasali na watu wa lugha yake peke yao kwa sababu ni hapo tu anapoweza kufumba macho wakati wa sala, sitamhukumu. Kufumba macho katikati ya watu ni imani kubwa. Hailazimishwi na mchungaji wala na mwandishi.

Ninachokiogopa ni kile kinachokuja baadaye, uchungu ukishapoa na faida ikaanza kuonekana. Kuna kanisa moja, sitalitaja, lililogawanyika kwa ugomvi wa nani ashike hazina. Jumapili ya kwanza walioondoka walisema wanataka tu kuimba kwa lugha yao, na nani angewanyima? Jumapili ya tano binti wa jirani yangu, aliyekuwa amezoea kuimba nao tangu utotoni, akaambiwa kwaya imejaa. Alizijua nyimbo zote. Lugha yenyewe aliisema vizuri kuwashinda wawili kati ya waliomzuia mlangoni. Siku ile kila mtu wa mtaa alielewa kwamba halikuwa kanisa la lugha.

Tofauti hiyo ndiyo nimeishikilia. Lugha ina mlango: mtoto wa yeyote anaweza kujifunza, akakosea, akasahihishwa, akaingia. Damu haina mlango. Kusanyiko linalosema “tunasali kwa lugha hii, njoo uisikie” ni nyumba ya watu. Linalotumia lugha kuficha swali la baba yako ni nani limekwisha kukalia kivuko.

Ndiyo maana nilifurahi kwamba tawi la yaya ni la Kiswahili. Si kwamba Kiswahili kilishuka kwetu kikiwa safi. Kilivuka ziwa kutoka Ujiji na wafanyabiashara wa pembe, na nyuma ya pembe palikuwa na minyororo na watu waliofungwa shingoni. Bibi zetu walikijua kwanza kama lugha ya kukimbiwa. Lakini kwa kuwa hakikuwa cha ukoo wowote hapa, kila ukoo uliweza kukishika bila kumpigia mwingine magoti, kikawa lugha ya soko, ya mtumbwi, ya wapenzi wa makabila mawili wanaotafuta neno la kuanzia. Mvira hamzidi Mfuliiru kwa Kiswahili. Katika tawi lile, yaya anasema, wamo watu wa Fizi na wa milimani, Warundi, na familia moja ya Wakenya wanaosahihisha sarufi za wengine. Watu ambao kwao wasingekaa benchi moja wanapokezana kitabu cha nyimbo.

Nilimjibu hivyo, kwa ujumbe mrefu wa sauti nilioukata mara tatu kwa sababu ya umeme. Nilimwambia: mmeheshimiwa, maadamu jembe limo mikononi mwenu. Siku mtakaposikia mtu akiuliza kabila la mtu kabla ya kumpa wito wowote, hata kwa kunong'ona, simameni palepale. Msiwasahau wale waliowaletea makoti. Waalikeni waje wasikie Kiswahili wasichokielewa, wakae nyuma saa moja, waonje. Na mtu akifiwa, mtafuteni wa kumlilia kwa lugha ya mama yake, hata kama ni mmoja tu mji mzima.

Akaniuliza habari za watoto, na hapo sikuwa na jibu la haraka. Wadenmark waliohamia Utah walikuwa na mikutano yao na gazeti lao, Bikuben, maana yake mzinga wa nyuki. Lilianza mwaka 1876, likasimama mwaka 1935. Wajerumani nao walikuwa na lao, nalo likasimama mwaka huohuo. Wajukuu walikuwa wameacha kuyasoma. Sioni aibu ndani yake. Mtumbwi uliowavusha wazee haulazimiki kubeba wajukuu. Lakini yaya ana kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Nyarugusu na kukulia Utah. Akiota, anaota kwa Kiingereza. Kiswahili chake ni cha jikoni: lete, funga, njoo ule. Mama yake alihofu kwamba katika tawi lile yeye ndiye atakayekuwa mgeni wa benchi la nyuma.

Mwezi uliopita alinipigia mwenyewe, si kwa ujumbe.

Kwa Wamormoni, vijana wa umri huo wenye ukuhani ndio wanaobariki meza ya Bwana. Wanatumia mkate na maji, maji ya kawaida, katika vikombe vidogo. Sala za kubariki zimeandikwa, na sheria yao ni kwamba zisomwe neno kwa neno. Msomaji akikosea, anayeongoza ibada humwashiria aanze upya. Jumapili ile zamu ilikuwa ya mpwa wangu, mara yake ya kwanza kwa Kiswahili. Alipiga magoti, akaanza, na katika neno la kukumbuka akaangusha silabi moja. Akafika mwisho. Hakukuwa na ishara ya kuendelea. Mzee aliyeongoza, mtu wa milimani, ambaye mwenyewe Kiswahili alijifunza ukubwani, alimtazama kwa upole akatikisa kichwa: tena.

Akaanza tena. Likamshinda palepale. Yaya alikuwa ameinamisha kichwa na macho amefumba, na alisikia moyo wake kwenye masikio, kwa sababu yeye pia amewahi kusimama barabarani akisubiri mtu aamue juu ya matamshi yake. Hakuna aliyekohoa. Hakuna mtoto aliyecheka. Watu mia moja wenye lafudhi za kila upande wa ziwa waliinamisha vichwa wakamngoja. Kisha kutoka safu ya pili bibi mmoja wa Fizi akalinong'ona lile neno polepole, likiwa limekatwa vipande, jinsi mtu anavyomkatia mtoto mhogo.

Mara ya tatu kijana alikwenda neno moja moja, mpaka akafika Amina, na mzee akainamisha kichwa kukubali. Mkate ukapita.

Wakirudi nyumbani hakusema lolote kuhusu jambo hilo, na mama yake hakumwuliza. Walisimama kwenye taa nyekundu. Akamsikia kwenye kiti cha nyuma, uso ukiwa umeelekea dirishani, akilirudia lile neno peke yake, silabi kwa silabi.